Mizani Haioni Sumu: Majibu kwa Barua Zenu Kuhusu Bei na Usalama wa Mahindi

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu sumukuvu katika mahindi, tumepokea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote, kila moja kwa namna yake, zinauliza jambo moja: je, chakula cha bei ya chini ndicho chenye hatari, na cha bei ya juu ndicho salama? Nimechagua barua sita. Kwa ambaye hakuisoma makala ile, sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu zinazoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Wasomaji wetu wa Kenya wamezoea kuiita aflatoksini. Kwa usahihi, aflatoksini ni aina mojawapo ya sumukuvu, na ndiyo tunayoizungumzia hapa.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu na mama wa watoto watatu, naishi Dodoma. Sokoni kwetu wapo wauzaji wawili wa mahindi wanaopakana. Wa kwanza mahindi yake ni meupe na makavu. Wa pili anauza kwa shilingi 200 pungufu kwa kila kilo, lakini ukizamisha mkono ndani ya gunia unakuta punje zenye madoa ya kijani na nyingine zilizotobolewa na wadudu. Mama mkwe wangu anasema yakioshwa vizuri, yakaanikwa, na ugali ukapikwa hadi uive sawasawa, hakuna tatizo. Je, ni kweli? Na yale meupe niyaamini?*

Mwalimu, katika mambo mengi ya jikoni nisingethubutu kumpinga mama mkwe wako, lakini katika hili inabidi. Moto wa sufuria ya ugali huiua kuvu yenyewe, ila sumu ambayo kuvu hiyo imekwisha kuiacha ndani ya punje haiondolewi na joto la mapishi yetu ya kawaida, hata ugali ukisongwa mpaka mwiko uchakae. Kuhusu kuosha, amepatia kidogo, pengine bila kujua sababu. Mahindi yakitumbukizwa majini, punje nyepesi, zilizooza au kuliwa na wadudu huelea, na mtu akizimwaga amepunguza sumu. Kinachosaidia hapo si maji bali ni kuziondoa zile punje, na mtu anaweza kuziondoa kwa ungo na macho bila kuyalowanisha mahindi. Mahindi yaliyoloweshwa kisha yasikaushwe haraka yanaikaribisha kuvu upya.

Sasa tuje kwenye zile shilingi 200. Tuseme mahindi mazuri yanauzwa shilingi 1,000 kwa kilo na yale yenye madoa shilingi 800. Umenunua kilo 20 za bei ya chini kwa shilingi 16,000, ukaketi jioni na ungo wako ukachambua, ukatoa kilo 3 za punje mbovu. Umebaki na kilo 17, maana yake kila kilo imekugharimu takriban shilingi 941, na nafuu uliyodhani ni shilingi 200 imekuwa shilingi 59. Ukitoa kilo 4, umelipa shilingi 1,000 kwa kilo, sawasawa na jirani aliyenunua meupe, na jioni yako imepotea bure. Asiyechambua ndiye pekee anayebaki na nafuu yote, naye ameila pamoja na sumu. Kwa hiyo muuzaji anapopunguza bei kwa sababu ya madoa, ichukulie ile bei kama onyo ambalo yeye mwenyewe ameliandika.

Je, meupe uyaamini? Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa hufikiri kwamba ikiwa bei ya chini ni dalili ya ubaya, basi bei ya juu ni cheti cha uzuri. Sivyo. Kiwango kinachoruhusiwa na viwango vya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja ya mahindi. Ili uone udogo wake, hiyo ni sawa na gramu moja, yaani ncha ya kijiko cha chai, iliyotawanywa katika magunia 1,000 ya kilo 100. Hakuna jicho, pua wala ulimi unaoweza kuigundua, na mahindi yanayong'aa yanaweza kuwa nayo ikiwa yaliathirika shambani wakati wa ukame kabla ya kuvunwa. Isitoshe, sumu haigawanyiki sawa ndani ya gunia. Punje chache zinaweza kuwa na kiasi kikubwa mno, na zinazozizunguka zikawa safi. Ndiyo maana kuchambua kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, hata kwa mahindi ya bei ya juu: ukitoa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa, umetoa sehemu kubwa ya sumu, ingawa si yote.

Nunua yale meupe, Mwalimu, na bado uchambue. Kama una shaka nayo, koboa kabla ya kusaga, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, navyo huenda na pumba. Najua dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ina virutubisho zaidi ya sembe, na mimi mwenyewe nyumbani hula dona. Lakini dona ni ya mahindi unayoyajua yalikotoka na yalivyokaushwa. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafariki kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo swali lako halijatoka mbali na nyumbani kwako.

*Mhariri, shikamoo. Mimi ni mkulima wa Kiteto. Mwaka jana nilihudhuria mafunzo, nikanunua maturubai, nikaacha kuanika chini, nikakausha mahindi yangu hadi yakawa yanalia kama kokoto. Jirani yangu alivuna, akapukuchua, akajaza magunia siku ileile. Dalali alipofika alitulipa bei moja kwa kilo. Tena mimi nilipata pesa kidogo kuliko jirani ingawa mashamba yetu yanalingana. Niambie, nimefaidika nini?*

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu umeieleza hitilafu ya soko hili kwa uwazi kuliko ripoti nyingi nilizowahi kusoma. Hukuota, kweli ulipata kidogo. Chukua kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18, ambao ni wa kawaida kwa mahindi yaliyopukuchuliwa mapema. Ndani yake kuna kilo 82 za mahindi yenyewe na kilo 18 za maji. Ukiyakausha hadi asilimia 13.5, kiwango kinachotakiwa ili yahifadhiwe salama, zile kilo 82 hazijapungua, lakini mizani sasa inaonyesha takriban kilo 95. Kilo 5 zimepaa angani kwa jua na jasho lako. Jirani yako hakuzikausha, akaziweka kwenye mizani, na dalali akamlipa maji kwa bei ya mahindi.

Soko linalolipa kwa uzito peke yake humtoza faini anayekausha. Sidhani kama kuna njia nyingine ya kulisema hilo. Hapo sijaongeza lumbesa, ile desturi ya kujaza gunia kupita kipimo, ambayo nayo humfundisha mkulima kwamba kinachothaminiwa ni ujazo wa gunia. Dalali naye simtetei, ila na yeye huuza kwa mtu ambaye hamuulizi kuhusu sumu, na huyo huuza kwa mwingine, hadi mwisho wa mlolongo anaposimama Mwalimu wa Dodoma na mkono wake ndani ya gunia, akiwa amechelewa. Mahindi yako na ya jirani yalichanganywa yote ndani ya lori moja kabla hayajafika popote. Kazi yako nzuri iliingia kwenye mzigo ambao hakuna anayeweza kuitambua humo, na kitu kisichotambulika hakina bei.

Lakini si masoko yote yako hivyo. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama Namanga, na siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Watu wengi waliliona tukio lile kama ugomvi wa majirani, na pengine siasa hazikukosekana. Mimi nililiona pia kama siku ambayo ukavu wa mahindi ulipata bei. Mwenye mzigo mkavu na karatasi alivuka mpaka. Asiye na karatasi alilala barabarani, na kila usiku wa kulala barabarani una gharama.

Kwa hiyo nakushauri usiyauze mahindi yako makavu mahali ambapo hayaonekani. Mnunuzi anayekuja na kipima unyevu mkononi, awe Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, kampuni ya kusaga au chama cha ushirika kinachokusanya mzigo wa wanachama wake, ndiye anayeweza kukupa haki yako, kwa sababu huwakataa wenye mahindi mabichi. Ukiwa peke yako na magunia 20 hawatakufuata. Mkiwa 15 wenye desturi moja ya kukausha, inawezekana. Njia ya pili ni muda. Jirani yako alilazimika kuuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa sababu mahindi yake yasingefika mbali bila kuoza. Yako yanaweza kukaa ndani ya mifuko ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani hadi miezi ambayo bei hupanda, bila hata kunyunyiziwa dawa. Zile kilo 5 ulizozipoteza kwa jua huenda ukazirudisha hapo, na zaidi.

Jambo la tatu hukuliuliza, ila nitalisema. Mahindi mnayokula nyumbani kwako hayapiti kwa dalali. Faida ya kwanza ya maturubai yako iko kwenye sufuria ya familia yako, na hiyo umekwisha kuipata.

Nyongeza fupi kwa wakulima wengine wasio na kipima unyevu. Chukua chupa ya kioo kavu, jaza mahindi hadi theluthi yake, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, yarudishe juani. Isipogandamana, yako chini ya hapo, lakini bado yape jua la siku moja au mbili zaidi kabla ya kufunga gunia, kwa sababu chumvi haiwezi kukuonyesha tofauti iliyopo kati ya 15 na 13.5.

*Bwana Mhariri, mimi ni msomaji wako wa Machakos. Zamani tulikuwa tukinunua mahindi kwa gorogoro na kuyapeleka mashine ya posho. Siku hizi mke wangu anasisitiza tununue unga wa pakiti dukani, tena wa bei ghali, akisema ndio salama. Tofauti ya bei si ndogo. Je, ninalipia usalama au ninalipia picha iliyo kwenye pakiti?*

Unalipia vyote viwili, bwana, na ni vigumu kuvitenganisha. Mwaka 2017 watafiti Vivian Hoffmann na Christine Moser walichapisha matokeo ya uchunguzi wa unga wa mahindi uliokuwa ukiuzwa Kenya, ambao ulitumia mamia ya sampuli za chapa mbalimbali, wakakuta kwamba kwa ujumla chapa za bei ya juu zilikuwa na sumukuvu kidogo kuliko za bei ya chini. Sababu si ngumu kuielewa. Mwenye kiwanda ambaye jina lake limejengwa kwa miaka mingi ana kitu cha kupoteza, kwa hiyo hupima mahindi langoni, hukataa mengine, na gharama ya yale aliyoyakataa huiweka kwenye pakiti. Anayeshindana kwa bei peke yake hana pa kuiweka gharama hiyo. Mahindi aliyoyakataa wa kwanza hayatupwi baharini. Huenda kutafuta mlango mwingine.

Lakini neno «kwa ujumla» lisikupite. Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga wa mahindi kwa kuzidi kiwango cha aflatoksini, na miongoni mwake yalikuwemo majina ambayo kila duka lilikuwa nayo. Bei ya juu hupunguza uwezekano wa kupata mzigo mbaya, haiuondoi. Nembo ya ubora iliyo kwenye pakiti nayo husema kwamba mtengenezaji amekaguliwa, haisemi kwamba pakiti hii uliyoishika imepimwa.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini kwa kipato cha kawaida, ningelinganisha mambo mawili, wala bei si mojawapo. Gorogoro la mahindi unaweza kulimwaga kwenye sinia ukaliona na kulichambua punje kwa punje; pakiti ya unga haikupi nafasi hiyo, kwa sababu kikishasagwa, kibaya na kizuri ni rangi moja. Mahindi unayoyajua, uliyoyachambua vizuri, yakakobolewa na kusagwa mbele yako, siyaoni kuwa duni kwa unga wa pakiti ya ghali. Mahindi usiyoyajua, yaliyomwagwa mashineni jinsi yalivyotoka gunia, ni duni kwa karibu pakiti yoyote. Kwa hiyo mke wako ana haki ikiwa hamna muda wa kuchambua, na wewe una haki ikiwa muda mnao. Ni nani atakayeketi na sinia ni suala la ndani ya nyumba, sitaliingilia.

*Mhariri, ninyi wenye mishahara mnatuambia tutupe mahindi. Mimi ni kibarua wa ujenzi Mbagala. Bei ya unga ikipanda nanunua nusu kilo kwa siku, watu wanne tunakula. Nikianza kuchambua nibaki na nini? Na hiyo sumu yenu mnasema inaleta saratani baada ya miaka 20. Njaa ni ya leo jioni.*

Ndugu yangu, sina jibu litakaloifanya nusu kilo iwe kilo, na sitakukemea. Nina sahihisho moja tu kuhusu ile miaka 20, kwa sababu ukiiamini itakudhuru. Sumukuvu kidogo kidogo kwa muda mrefu ndiyo huharibu ini na kuleta saratani, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Ikiwa nyingi kwa mkupuo, haisubiri. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika nchini Kenya, watu 317 waliugua, ngozi na macho yakawa ya manjano, matumbo yakajaa maji, na 125 wakafariki ndani ya miezi michache.

Wale hawakuwa watu wazembe. Mavuno yalikuwa haba, mvua isiyo ya msimu ikanyesha wakati wa kuvuna, na kwa kuwa mahindi yalikuwa adimu watu waliogopa kuibiwa, wakayaingiza ndani ya nyumba walimolala yakiwa bado na unyevu, wakayaweka sakafuni. Bei na uhaba ndivyo vilivyoyaingiza mahindi yale ndani. Katika mwaka wa neema yangebaki kwenye kichanja nje, na yale yenye ukungu yangetupwa bila mtu kufikiri mara mbili. Ndiyo maana nasema uhusiano wa bei na usalama hauishii kwenye kuchagua kati ya mafungu mawili sokoni. Bei inapopanda, kizingiti cha kila nyumba hushuka: punje iliyokuwa ikitupwa mwezi Julai inaliwa mwezi Februari, pumba iliyokuwa ya kuku inarudishwa kwenye unga, na anayeuza anajua kwamba mwezi huo hata kibaya kitanunuliwa.

Kwa upande wako, tatizo kubwa la nusu kilo ni kwamba unanunua unga uliokwisha kusagwa, ambao humo huwezi kuona chochote, tena pengine kwa bei kubwa kwa kilo kuliko anayenunua debe. Kama wapo majirani watatu au wanne mnaoaminiana, mkachanga kila wiki mkanunua debe la mahindi, mkachambua pamoja na kusaga, mtapata unga mnaoujua, na huenda gharama ikashuka kwa kila mmoja. Najua kuchanga kunahitaji pesa ya wiki mkononi, na wewe unalipwa kwa siku. Wengine hufanya kwa mzunguko, kama mchezo wa kina mama. Siku nyingine badilisha: viazi, ndizi, wali hata kama ni kidogo. Mwenye kula mahindi asubuhi, mchana na jioni hupokea sumu ya mahindi mara tatu, ikiwa ipo, na mwenye kuchanganya vyakula hupokea kidogo.

Hata hivyo, nisingependa uone kwamba jukumu hili nalirudisha kwako. Kipimo cha sumukuvu kina gharama yake. Gharama hiyo ikigawanywa kwa lori la tani 30, kila kilo inabeba senti isiyohisiwa. Ikiwekwa juu ya nusu kilo ya kibarua, inazidi bei ya chakula chenyewe mara nyingi. Basi pa kupimia ni kwenye lori na kwenye kinu, na wa kupima ni mwenye lori, mwenye kinu na serikali inayowasimamia. Tanzania kazi hiyo, tangu 2019, iko chini ya Shirika la Viwango, baada ya kuhamishwa kutoka kwa mamlaka iliyokuwa ikishughulikia chakula na dawa pamoja. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba chakula kisicho salama huzigharimu nchi za kipato cha chini na cha kati takriban dola bilioni 110 kwa mwaka kwa matibabu na nguvu kazi inayopotea. Hiyo pia ni bei ya unga. Haisomeki mizanini, na mara nyingi anayeilipa ni yule aliyedhani amenunua kwa bei nafuu kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

*Mhariri, natengeneza uji wa lishe kwa ajili ya mtoto wangu wa miezi tisa. Nanunua unga uliochanganywa tayari wa mahindi, karanga, soya na mtama. Je, kuna ubaya?*

Mama, ubaya unaoweza kuwepo uko kwenye mahindi na karanga, na hasa karanga. Angalia karanga zinavyouzwa. Zile nene, nyekundu na nzima huwekwa kando kwa ajili ya kukaanga, kwa sababu mlaji huziona na huzilipia vizuri. Zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizobadilika rangi hazina mnunuzi zikiwa nzima, basi hupelekwa kusagwa, ambako haziulizwi sura zao. Ndizo hizo zenye uwezekano mkubwa wa kuwa na sumukuvu. Bei ya karanga iliyosagwa ikiwa chini ya bei ya karanga nzima, jiulize ni nani aliyelipia kazi ya kusaga.

Sisemi kila mtengenezaji wa unga wa lishe hufanya hivyo, wapo waangalifu. Nasema kwamba mtoto wa miezi tisa ana mwili mdogo, anakula chakula kilekile kila siku, na kwa uzito wake hupokea zaidi kuliko mtu mzima. Nunua kila nafaka peke yake ikiwa nzima, chambua, kisha peleka kusaga kidogo kidogo, ya wiki mbili au tatu. Karanga zionje pia; iliyo chungu itupe. Si lazima viungo viwe vingi. Uji wa nafaka mbili safi unaoongezewa maziwa au yai ni bora kuliko wa nafaka saba zisizojulikana, ingawa pakiti ya nafaka saba ndiyo inayopendeza machoni.

*Nina ng'ombe wawili wa maziwa na kuku wa kienyeji. Punje mbovu tunazochambua huwa tunawapa. Si afadhali kuliko kutupa?*

Hapana, na kwa ng'ombe wa maziwa hapana mara mbili. Ng'ombe akila nafaka yenye sumukuvu, sehemu yake hubadilika mwilini mwake na kutoka kwenye maziwa, kwa hiyo ile sumu uliyoitoa kwenye ugali unairudisha mezani ndani ya kikombe cha chai cha mtoto. Kuku hudumaa, hupunguza kutaga, na ini lake huharibika. Tena sumu hii iligunduliwa kupitia ndege: mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa bila sababu kujulikana, na uchunguzi ukafuatilia hadi kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazili waliyokuwa wamelishwa.

Mwalimu wa Dodoma, kama umefika hapa, hili linakuhusu wewe pia na zile kilo 3 zako. Usizimwage jalalani ambako kuku wa jirani watazifikia, wala usimpe mtu hata akikuahidi kwamba ni za nguruwe tu. Chimba shimo, zifukie. Kama una mahali pa kuchoma mbali na watu, zichome, ila usisimame upande ambao moshi unaelekea.